Kuita servleti kutoka servleti nyingine

Kuita servleti kutoka servleti nyingine ni kazi ambayo kila anayejifunza kuandika programu za wavuti kwa lugha ya Java hukutana nayo mapema. Servleti ni klasi ya Java inayokaa kwenye seva, inayopokea ombi kutoka kivinjari cha mtumiaji na kutoa jibu, mara nyingi ukurasa wa HTML. Programu ikianza kukua, servleti moja haitoshi: moja hupokea fomu, nyingine huonyesha orodha, nyingine huandaa stakabadhi. Hapo ndipo swali linapotokea: servleti ya kwanza ikimaliza sehemu yake, itaifikiaje ya pili?

Kuna njia kuu tatu: kukabidhi ombi, kujumuisha jibu la servleti nyingine, na kuelekeza kivinjari upya. Kwa mtazamaji wa nje matokeo yake hufanana, lakini ndani zinafanya kazi tofauti. Anayezichanganya anaweza kuandika kumbukumbu ile ile mara mbili, kupoteza data njiani, au kuacha mlango wazi kwa mtu asiyehusika.

## Historia

Java ilitangazwa mwaka 1995 na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani. Aliyeongoza kazi ya kuiunda ni James Gosling. Jina lake linatokana na kahawa ya kisiwa cha Java nchini Indonesia, na ndiyo maana nembo yake ni kikombe cha kahawa kinachotoa mvuke.

Toleo la kwanza la kanuni za servleti lilitoka mwaka 1997. Kabla ya hapo kurasa zinazobadilika zilitengenezwa zaidi kwa utaratibu wa CGI, ambao kwa kawaida ulianzisha mchakato mpya kwenye seva kwa kila ombi. Servleti ilipunguza mzigo huo kwa sababu hubaki kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuhudumia maombi mengi bila kuanzishwa upya.

Katika matoleo ya mwanzo servleti iliweza kuomba objekti ya servleti nyingine kwa methodi iitwayo `getServlet`, kisha ikaita methodi zake moja kwa moja. Toleo 2.1 la mwaka 1998 lilitangaza kwamba methodi hiyo isitumike tena, wala halikuweka mbadala wake wa moja kwa moja. Toleo hilohilo lilileta `RequestDispatcher`, yaani msambazaji wa maombi, ambaye ndiye msingi wa njia mbili kati ya tatu zinazoelezwa hapa. Toleo 3.0 la mwaka 2009 liliruhusu anwani ya servleti kuandikwa ndani ya klasi yenyewe kwa alama `@WebServlet`, badala ya kuandikwa katika faili la `web.xml` peke yake.

Sun ilinunuliwa na Oracle mwaka 2010. Baadaye Oracle iliamua kukabidhi kanuni hizi kwa taasisi ya Eclipse Foundation, na jina likawa Jakarta EE. Jakarta ni jiji lililoko kwenye kisiwa kilekile cha Java. Katika toleo 5.0 la mwaka 2020 vifurushi vyote vinavyoanza na `javax.servlet` vilibadilishwa kuwa `jakarta.servlet`. Mabadiliko haya huwasumbua wanaojifunza kwa vitabu vya zamani: msimbo wenye `javax.servlet` hufanya kazi kwenye Tomcat 9, lakini Tomcat 10 haiutambui.

## Kontena na maisha ya servleti

Servleti haijiendeshi yenyewe. Huendeshwa na programu iitwayo kontena, na inayotumiwa zaidi na wanafunzi ni Apache Tomcat. Kontena huunda objekti ya servleti, huita methodi ya `init` mara moja, kisha kila ombi linapofika huita `service`, ambayo nayo huita `doGet` au `doPost` kulingana na aina ya ombi. Programu inapofungwa, kontena huita `destroy`.

Kwa kawaida objekti moja tu ya servleti huhudumia watu wote, kila ombi likiwa na uzi wake. Kwa hiyo data ya mtumiaji mmoja haipaswi kuwekwa kwenye vigeugeu vya klasi kwa nia ya kuipitisha kwa servleti nyingine. Watu wawili wakituma fomu kwa wakati mmoja, jina la mkulima wa Kibosho linaweza kutokea kwenye stakabadhi ya mkulima wa Marangu. Kosa la namna hii ni gumu kuligundua, kwa sababu mtu anayejaribu programu peke yake halioni.

## Kwa nini `new` haifai

Aliyezoea Java ya kawaida huandika `new StakabadhiServleti()` kisha huita `doPost` yake. Objekti iliyoundwa hivyo haikupita mikononi mwa kontena. Methodi ya `init` haikuitwa, kwa hiyo muunganisho wa hifadhidata uliotayarishwa humo haupo, na kuomba `getServletContext` huleta hitilafu. Vichujio navyo havipitiwi. Tena `doGet` na `doPost` kwa desturi zimelindwa, hivyo klasi iliyo katika kifurushi kingine haiwezi kuziita.

Kanuni ya kushika ni hii: servleti haiiti servleti nyingine kwa mkono wake, huiomba kontena, au hukiomba kivinjari.

## Mfano wa madirisha ya ofisi

Tofauti ya njia hizi inaeleweka kwa kufikiria ofisi yenye madirisha kadhaa.

Mwananchi anatoa fomu dirisha la kwanza. Karani anaipokea, anaandika neno pembeni, kisha anampa mwenzake wa ndani ambaye ndiye atakayejibu. Mwananchi anabaki amesimama palepale, na hajui kwamba fomu imebadilisha mikono. Huko ni kukabidhi.

Pengine karani anamwomba mwenzake amwandikie aya moja tu, anaibandika katika barua yake, kisha anamaliza barua na kuitoa mwenyewe. Huko ni kujumuisha.

Au karani anasema: "Nenda dirisha namba tatu." Mwananchi anaondoka na kuanza upya huko. Karani wa dirisha la tatu hana fomu ya kwanza mkononi. Anajua tu kile ambacho mwananchi amekuja nacho. Huko ni kuelekeza upya.

## Kukabidhi ombi

Mifano ya msimbo iliyo hapa chini inahusu chama cha msingi cha ushirika kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wakulima wa huko wamekuwa wakiuza kahawa kwa pamoja tangu chama cha KNPA kilipoanzishwa mwaka 1925 na kufuatiwa na KNCU mwaka 1933. Karani anapima kahawa ya mkulima, anaandika kilo kwenye fomu, na programu inatakiwa kuhifadhi uzito na kuonyesha stakabadhi.

Ikiwa karani amesahau kuandika uzito, servleti ya kupokea hulirudisha ombi kwenye servleti ya fomu pamoja na maelezo ya kosa:

```java
String kilo = ombi.getParameter("kilo");
if (kilo == null || kilo.isEmpty()) {
    ombi.setAttribute("kosa", "Uzito haujaandikwa");
    ombi.getRequestDispatcher("/fomu").forward(ombi, jibu);
    return;
}
```

Hapa `ombi` ni `HttpServletRequest` na `jibu` ni `HttpServletResponse`. Servleti ya fomu hupokea ombi lilelile, hivyo inaweza kusoma vigezo vyote alivyotuma karani kwa `getParameter`, na maelezo yaliyoongezwa kwa `getAttribute("kosa")`. Vigezo hutoka kwa mtumiaji na huwa maandishi. Sifa zinazowekwa kwa `setAttribute` hutoka ndani ya seva, na zinaweza kuwa objekti ya aina yoyote, kwa mfano orodha nzima ya wakulima.

Mambo manne ya kuzingatia:

* Anwani inayoonekana kwenye kivinjari haibadiliki, kwa sababu kivinjari hakijui lolote.
* Aina ya ombi haibadiliki. Ombi lililokuja kwa POST litaingia `doPost` ya servleti ya pili. Kama servleti hiyo ina `doGet` peke yake, mtumiaji hupata kosa namba 405.
* Kukabidhi lazima kufanyike kabla jibu halijaanza kutumwa. Maandishi yaliyo kwenye bafa hufutwa. Lakini kama yamekwisha kutumwa, kontena hutoa `IllegalStateException`.
* Mistari iliyo baada ya `forward` huendelea kutekelezwa servleti ya pili ikishamaliza. Ndiyo sababu ya kuweka `return`. Bila hilo neno, mfano ulio juu ungeendelea hadi kwenye kuhifadhi, ukiwa na uzito usiokuwepo.

## Kujumuisha

Methodi ya `include` hutumika pale servleti ya kwanza inapotaka kubaki mwenye jibu, ila sehemu fulani iandikwe na nyingine, kwa mfano kichwa cha ukurasa chenye jina la chama na msimu wa mavuno:

```java
ombi.getRequestDispatcher("/kichwa").include(ombi, jibu);
```

Servleti iliyojumuishwa huandika maandishi yake, kisha kazi hurudi mstari unaofuata. Haiwezi kubadilisha namba ya hali wala vichwa vya jibu. Ikijaribu, kontena hupuuza. Kwa hiyo si mahali pa kuweka vidakuzi wala kutangaza aina ya maandishi.

## Kuelekeza upya

Uzito ukishahifadhiwa, njia inayofaa ni kukiambia kivinjari kiende chenyewe kwenye stakabadhi:

```java
long namba = daftari.hifadhi(mkulima, kilo);
jibu.sendRedirect(ombi.getContextPath()
        + "/stakabadhi?namba=" + namba);
return;
```

Seva hutuma jibu fupi lenye namba ya hali 302 na anwani mpya. Kivinjari hutuma ombi jipya kwenye anwani hiyo kwa GET, na mtumiaji huiona ikibadilika. Kwa kuwa ombi ni jipya, sifa zote zilizowekwa kwa `setAttribute` kwenye ombi la kwanza zimepotea. Kinachohitajika huko mbele lazima kipitishwe kwenye anwani, kama namba ya stakabadhi hapo juu, au kihifadhiwe kwenye kipindi cha mtumiaji, yaani `HttpSession`.

Anwani ya kuelekeza upya inayoanza na mkwaju huhesabiwa tangu mzizi wa seva, wakati ile ya msambazaji huhesabiwa tangu mzizi wa programu. Ndiyo maana `getContextPath` huongezwa kwenye `sendRedirect` lakini haiongezwi kwenye `getRequestDispatcher`. Kosa namba 404 ambalo wanaoanza hulipata mara nyingi hutokana na kuchanganya hesabu hizi mbili.

## Ulinganisho

| Jambo | Kukabidhi | Kujumuisha | Kuelekeza upya |
|---|---|---|---|
| Nani huita servleti ya pili | Kontena | Kontena | Kivinjari |
| Idadi ya maombi ya kivinjari | 1 | 1 | 2 |
| Anwani kwenye kivinjari | Haibadiliki | Haibadiliki | Hubadilika |
| Sifa za ombi | Hubaki | Hubaki | Hupotea |
| Nani hutoa jibu la mwisho | Servleti ya pili | Servleti ya kwanza | Servleti ya pili |
| Kwenda seva nyingine | Haiwezekani | Haiwezekani | Inawezekana |

## Hatari ya kuandika mara mbili

Tuseme servleti ya kupokea imehifadhi kilo 42 kisha ikalikabidhi ombi kwa servleti ya stakabadhi badala ya kuelekeza upya. Ukurasa wa stakabadhi utaonekana vizuri. Lakini kwa kivinjari, ukurasa huo bado ni jibu la fomu ya POST. Mtandao ukisuasua na karani akapakia ukurasa upya, kivinjari humwuliza kama atume fomu tena. Akikubali, kilo 42 nyingine zinaingia kwenye daftari. Mwisho wa msimu hesabu ya chama haitalingana na kahawa iliyo ghalani, na atakayeulizwa ni karani, ingawa kosa ni la aliyeandika programu.

Kwa sababu hiyo wataalamu hufuata utaratibu wa POST, kuelekeza upya, kisha GET. Ombi linalobadilisha data huishia kwa `sendRedirect`. Ukurasa wa mwisho hupatikana kwa GET, na kuupakia upya mara kumi hakuongezi kitu. Kukabidhi hubaki kwa kazi zisizobadilisha data, kama kuonyesha orodha au kurudisha fomu yenye kosa.

Utaratibu huu hauzuii karani kubonyeza kitufe mara mbili kabla jibu halijafika. Kwa hilo, fomu hupewa namba ya pekee iliyofichwa, na seva hukataa kupokea namba ileile mara ya pili.

## Usalama

Masharti ya ulinzi yaliyoandikwa katika `web.xml` hukagua maombi yanayotoka nje. Hayakagui ombi ambalo servleti imelikabidhi kwa nyingine ndani ya programu. Vichujio navyo kwa kawaida hupitiwa na maombi ya nje tu. Tangu toleo 2.4 la mwaka 2003 vinaweza kuagizwa vipitiwe pia wakati wa kukabidhi na kujumuisha, lakini ni lazima mwandishi aseme hivyo. Kwa hiyo servleti iliyo wazi kwa kila mtu ikikabidhi ombi kwa servleti ya wasimamizi, mgeni anaweza kuona kurasa za ndani bila kuulizwa neno la siri.

Pia anwani ya kukabidhi isitokane moja kwa moja na kigezo alichotuma mtumiaji. Faili zilizo ndani ya folda ya `WEB-INF` haziwezi kuombwa kutoka nje, lakini msambazaji anaweza kuzifikia.

Katika kuelekeza upya, kila kilichoandikwa kwenye anwani huonekana na hubaki kwenye historia ya kivinjari. Namba ya stakabadhi inaweza kupita humo. Ugonjwa wa mtu au neno la siri, hapana. Na kwa kuwa mtu anaweza kubadilisha 17 kuwa 18 kwa mkono, servleti ya stakabadhi lazima ihakikishe kwamba anayeomba ana haki ya kuiona.

## Servleti iliyo katika programu nyingine

Njia zilizotangulia zinahusu servleti zilizo katika programu moja. Kukabidhi kwenda programu nyingine iliyo kwenye Tomcat hiyohiyo huhitaji kwanza `getServletContext().getContext("/nyingine")`, ambayo hurudisha `null` mpaka msimamizi aruhusu kwa kuweka `crossContext="true"`.

Kama servleti ya pili iko kwenye seva nyingine kabisa, ya kwanza huweza kutuma ombi la HTTP kama kivinjari kinavyofanya. Tangu Java 11 ya mwaka 2018 kuna `HttpClient` ndani ya lugha yenyewe kwa kazi hiyo. Ni muhimu kuweka muda wa mwisho wa kusubiri, kwani seva ya pili ikikwama, nyuzi za seva ya kwanza hukwama pamoja nayo.

## Wakati ambapo kuita hakuhitajiki

Mara nyingi anayetaka kuita servleti nyingine anachohitaji ni hesabu iliyomo ndani yake, wala si ukurasa wake. Dawa yake ni kuihamisha hesabu hiyo katika klasi ya kawaida ya Java, kwa mfano `Daftari`, kisha servleti zote mbili ziitumie. Klasi ya namna hiyo hujaribiwa bila kuwasha seva, na hubaki kufaa hata chama kikiamua baadaye kutumia programu ya simu badala ya kurasa za wavuti.

Mifumo mikubwa imeufuata mwelekeo huo. Katika mfumo wa Spring servleti moja tu, `DispatcherServlet`, hupokea maombi yote na kuyagawa kwa klasi za kawaida. Hata hivyo kukabidhi na kuelekeza upya bado vipo chini yake kwa maana ileile.

## Matumizi katika Afrika ya Mashariki

Baadhi ya programu zinazojulikana sana katika huduma za afya za eneo hili zimeandikwa kwa Java na huendeshwa ndani ya kontena ya servleti. OpenMRS, programu huria ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa, ilianza kubuniwa mwaka 2004 kutokana na kazi ya wataalamu wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani na washirika wao wa Eldoret nchini Kenya, na ilianza kutumika huko mwaka 2006. Imejengwa juu ya Spring na huendeshwa kwa Tomcat.

DHIS2, iliyoendelezwa chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norwei, hukusanya takwimu za vituo vya afya. Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania Bara ikafuata mwaka 2013. Katika programu za aina hii, takwimu iliyoingia mara mbili au ukurasa uliofunguka kwa asiyehusika huathiri mgao wa dawa na siri ya mgonjwa. Anayeanza kwa servleti mbili za mazoezi anajifunza kanuni zilezile zinazotumika huko.

## Makosa ya kawaida kwa wanaoanza

* 404 baada ya kuelekeza upya: `getContextPath` imesahaulika.
* 404 baada ya kukabidhi: jina la programu limeandikwa mara mbili, au anwani hailingani na ile ya `@WebServlet`. Herufi kubwa na ndogo huhesabiwa tofauti.
* 405: servleti ya pili haina methodi inayolingana na aina ya ombi.
* `IllegalStateException`: jibu limekwisha kutumwa kabla ya kukabidhi au kuelekeza upya, au vyote viwili vimeitwa katika ombi moja.
* `getAttribute` inarudisha `null`: sifa iliwekwa kwenye ombi, kisha ikatumika njia ya kuelekeza upya.
* `StackOverflowError`: servleti A inakabidhi kwa B, na B inakabidhi tena kwa A bila mwisho.
* Servleti haitambuliki kabisa: msimbo unatumia `javax.servlet` kwenye Tomcat 10 au zaidi.